Shingo ya Bupe

"Mama Bupe, nimesema mara mbili. Mvue hilo gauni, umvalishe hili. Madaktari hawasubiri mtu."

Nesi Faustina alilitupa gauni la kijani kitandani. Lilikuwa la kitambaa kigumu, limeshonwa kama gunia, tundu la kichwa juu na matundu mawili ya mikono. Eveline aliligeuza huku na huku akitafuta kifungo au kamba. Hakuna. Fundi aliyeshona kitu hiki, alijisemea, hajawahi kumvisha mgonjwa nguo.

"Sista, hili linapita kichwani."

"Ulitaka lipite wapi?"

"Mwanangu havai nguo ya kupitishia kichwani. Ninamshonea za vifungo, mbele mpaka chini. Niruhusu nilichane hapa kifuani, dakika mbili tu. Nitalishona tena nikikaa."

"Uchane mali ya hospitali? Jamani, makubwa haya!" Faustina alicheka, akawatazama akina mama wa vitanda vingine ili nao wacheke. "Hebu lete huyo mtoto."

Na kabla Eveline hajanyanyuka, nesi alikuwa ameshamvua Bupe kigauni chake cha vifungo, ameshamwinamisha kichwa kwa kiganja, na anasukuma lile gauni la kijani. Bupe alipiga ukelele. Haukuwa ukelele wa woga, maana watoto wote wodini walinyamaza kwa pamoja.

"Umeme! Mama, umeme!"

Vidole vyake vilifunguka, magoti yakamlegea, akakaa sakafuni kichwa kikiwa bado ndani ya kitambaa. Eveline alipiga magoti, akaingiza mkono ndani ya gauni na kukishika kisogo cha mwanawe kisisogee. Kwa mkono wa pili alichomoa mkasi mkobani, akalichana gauni zima kuanzia juu hadi kwenye pindo, mbele ya macho ya nesi.

"Leo hapasuliwi mtu," alisema.

Msimwone mkorofi. Hasira ya Eveline haikuanzia kwenye gauni. Ilikuwa na umri wa miaka tisa, miwili pungufu ya Bupe mwenyewe, na kila mwaka kulitokea mtu wa kuilisha.

Bupe alizaliwa mzima, mnene, mwenye makelele. Alipofika miaka miwili mgongo ukaota kinundu, kifua kikachomoza, magoti yakaanza kugongana. Zahanati ya kwanza ilisema ni matege, akaandikiwa kalsiamu. Ya pili ilisema kalsiamu pekee haitoshi, aote jua. Basi mtoto akaanikwa nje kila asubuhi kama mihogo. Ya tatu ikamuuliza Eveline anampikia nini huyu mtoto. Mama mkwe naye, kule Mbalizi, akawa anapiga simu kila mwisho wa wiki kukumbusha kwamba katika ukoo wao wa Kinyakyusa hakuna mtu mfupi, kwa hiyo waulizwe Wahehe, watu wa Eveline, walikoyatoa hayo mambo. Gwakisa, mumewe Eveline, alikuwa akisikiliza simu hizo na kujibu, "Ndiyo, mama." Ndiyo mama gani? Eveline hakumsamehe zile ndiyo.

Halafu ikaja kampeni ya udumavu. Mkoa wa Iringa, wenyewe mnajua, unalima mahindi mpaka yanaliwa na panya, na bado watoto wengi wamedumaa. Bwana lishe mmoja, fulana mpya na kipaza sauti, aliitisha mkutano, akazungusha macho kwa watoto waliokuwepo, akamwona Bupe. Alimshika mkono, akampandisha juu ya meza.

"Mnamwona huyu? Ana miaka minane! Mwangalieni, kama wa minne. Hii ndiyo kazi ya mama anayepika ugali bila mboga!"

Watu walitikisa vichwa kwa masikitiko. Eveline alikuwa katikati yao, amebeba mfuko wa mayai, na mayai yale yalikuwa ya Bupe, kama ya jana yake na ya juzi yake. Aliupasua umati, akamshusha mwanawe mezani, akamwambia bwana lishe neno moja ambalo mzee wa kanisa hapaswi kulisikia. Na mzee wa kanisa alikuwepo.

Ati hamlishi! Nani alimjua Bupe kuliko yeye? Eveline ni fundi cherehani pale Ipogolo, kibanda chake kinatazamana na barabara kuu, na sare za nusu ya shule za kule chini zimepita mikononi mwake. Kila Januari alimpima mwanawe. Mikono iliongezeka, miguu ikaongezeka kidogo, lakini kutoka begani hadi kiunoni Bupe alibaki na inchi zilezile tangu darasa la kwanza. Mtoto asiyekula hakui hivyo. Asiyekula hubaki mdogo mwili mzima, sawasawa, mbele na nyuma. Huyu alikuwa anakua vipande. Eveline alilieleza jambo hilo kliniki, nesi akamjibu kwamba hayo ni mambo ya ushonaji, yeye yuko kwenye mambo ya afya.

Tangu mvua za mwaka jana ndipo ulipoanza umeme. Bupe akiinama kuvaa nguo, umeme unashuka mgongoni mpaka miguuni. Akitazama juu, vidole vinakufa ganzi na sindano anayoitunga uzi inamponyoka. Eveline alibadilisha mshono, akahamishia vifungo mbele. Ndivyo mafundi walivyo, nguo ikibana wanaitanua nguo. Hakumwambia daktari, kwa sababu madaktari waliuliza magoti tu, na kila alipoanza kusema la zaidi walikuwa wameshaita, "Anayefuata!"

Sasa Gwakisa aliingia wodini mbio, mikono bado na weusi wa grisi usiotoka hata kwa sabuni ya unga, maana kazi yake ni kufunga springi za malori. Alimwangalia mtoto, akaliangalia gauni lililochanika, kisha mkewe.

"Umefanya nini, Mama Bupe?"

"Si unaona? Nimechana gauni."

"Miaka miwili nimeomba nafasi hii. Usharika umetuandikia barua. Daktari bingwa ametoka Dar es Salaam kwa siku nne tu, siku nne, na mtoto wetu ni wa tatu kwenye orodha. Wewe unachana gauni?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Faustina alidakia, "na mwenyeji mwenyewe ndiye huyu anamfungia mgeni mlango!"

"Sista, wewe nyamaza kabisa. Umemwinamisha mwanangu kama kuku wa kuchinjwa."

"Muulize mtoto mwenyewe," Gwakisa alisema. "Bupe, unataka miguu inyooshwe au hutaki?"

Bupe alikuwa ameshakaa kitandani, amejifunga kanga ya mama yake, anakunja na kukunjua vidole. Darasa la tano zima lilikuwa na habari kwamba Bupe anarudi na miguu iliyonyooka. Alikuwa amewaahidi wenzake mashindano ya kuruka kamba.

"Nataka, baba. Umeme umeshapita. Nilipiga kelele tu."

"Umesikia?" Gwakisa alimgeukia mkewe, sasa kwa upole, na upole ule ukamchoma Eveline kuliko makelele. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mke wangu. Tuvumilie."

"Huyu akiinama anapigwa umeme! Hujasikia, Gwakisa? Masikio nayo yana grisi?"

Daktari bingwa alikuja kuona kwa nini mgonjwa wa tatu hafiki. Dakta Sosthenes alikuwa mtu wa makamo, kofia ya upasuaji kichwani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nalo lilimkera Eveline, kwa kuwa mbaya ungejua pa kumshika. Aliyagusa magoti ya Bupe, akatabasamu kidogo.

"Mama, usiogope. Picha za magoti nimeziona. Nitayanyoosha."

"Shingo umeipiga picha?"

"Shingo haina shida."

"Umeiuliza?"

Mama mmoja kwenye kitanda cha dirishani aliguna. Daktari alilifuta tabasamu.

"Mama, nina watoto ishirini na wanane na siku mbili zimebaki. Kama unakataa, sawa, ni haki yako. Saini hapa kwamba umekataa matibabu, tumwingize mwingine. Kama baba anakubali, asaini huku."

Karatasi mbili ziliwekwa juu ya shuka. Gwakisa alizitazama kwa muda mfupi mno, akachukua kalamu na kuivuta kwake karatasi ya kukubali.

Eveline aliweka kiganja juu yake.

"Saini," alimwambia mumewe, na sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka wa vitanda vya jirani walilazimika kusogea. "Saini, kisha umsukume mwenyewe mpaka mlangoni. Na wakikurudishia amekufa, sanda utaishona wewe. Nimeshona sare za watoto wa watu wote Ipogolo. Sanda ya huyu sishoni."

Kalamu ilibaki hewani. Gwakisa alikuwa anampenda mtoto huyu, tusimwonee, na pengine ndiyo maana mkono wake haukurudi nyuma wala kwenda mbele.

"Kamwene, mama," mtu alisema mlangoni.

"Kamwene," Eveline aliitikia bila kutaka, maana salamu ya Kihehe huitikiwa hata na mwenye hasira.

Alikuwa mzee Zabron, mtaalamu wa usingizi wa hospitali ile. Nywele zimekuwa nyeupe, kikombe cha chai mkononi, bado miezi michache astaafu. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapa watoto nusukaputi kabla ya kisu. Alikuwa amesimama pale muda, inaonekana, kwa sababu hakuuliza kumetokea nini. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akakiweka kikombe sakafuni.

"Mjukuu wangu, huo umeme unaanzia wapi?"

Bupe aligusa kisogo. "Hapa."

"Unaishia wapi?"

"Kwenye vidole gumba vya miguu."

"Ukitazama juu?"

"Mikono inalala."

Mzee alikuwa amenyoosha mikono kutaka kumpapasa shingo. Aliposikia hivyo aliirudisha taratibu, akaifunga nyuma ya mgongo wake. Eveline aliliona hilo. Kati ya watu wote waliowahi kumgusa mwanawe, huyu alikuwa wa kwanza kuogopa kumgusa.

"Daktari," Zabron alisema, "kumlaza huyu lazima nimpindue kichwa nyuma ndipo niingize mpira kooni. Simpindui mpaka nione picha ya shingo."

"Mzee wangu, tumechelewa."

"Basi tuchelewe."

Picha ilipigwa. Bupe alishikwa na watu watatu kama yai, na Zabron mwenyewe alikishikilia kichwa. Ilipotokea kwenye kioo cha kompyuta, Dakta Sosthenes aliitazama, akaisogeza, akaikuza. Kisha akavua kofia yake, akakaa.

"Njooni muone," alisema.

Eveline hakuijua mifupa, lakini kioo kile hakikuhitaji shule. Shingo ya watu, daktari alieleza, mfupa wa pili una kijino kinachochomoza juu na kuushikilia wa kwanza, ule unaobeba kichwa. Wa Bupe haukuwa na kijino. Mifupa miwili ilikuwa inateleza, huyu huku, huyu kule, na katikati yake uti wa mgongo umebanwa. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshikiliwa kama kifungo kilichobakia na uzi mmoja.

"Tungempindua?" Gwakisa aliuliza.

"Asingeamka. Au angeamka, mikono na miguu isifanye kazi tena." Daktari alimgeukia Eveline. "Nisamehe, mama."

Miaka tisa aliingoja samahani. Aliipanga kichwani usiku na mchana jinsi atakavyoipokea, na sasa imefika, anaiona ndogo, haimtoshi hata begani.

"Hiyo ni samahani ya leo," alimwambia. "Ya meza ya bwana lishe ataileta nani? Ya mayai? Ya jua?"

Daktari alizichukua picha za magoti na ya kifua, akaziweka pamoja na ya shingo, na sasa alizitazama zote kwa pamoja, kitu ambacho angekifanya juzi angeyajua hayo juzi. Halafu akaeleza. Huu haukuwa ugonjwa wa chakula. Ni wa kuzaliwa nao. Kila chembe ya mwili ina mfagiaji wake, anayekusanya takataka na kuziondoa. Bupe alizaliwa bila mfagiaji mmoja. Takataka zinakaa, zinaongezeka, na mifupa inajengeka ikiwa nazo ndani, ndiyo maana inakua imepinda. Akili haina tatizo lolote. Atachukua matone ya damu kwenye karatasi maalumu, yapelekwe nje ya nchi kuhakikisha.

"Umetoka kwa nani?" Gwakisa aliuliza, macho chini.

"Kwenu wote wawili. Wewe unao nusu, mama anao nusu. Nusu haiumizi mtu, waweza kufa mzee usijue. Mtoto akizipata zote mbili, ndiyo hivi."

Mume na mke walikuwa wanafikiria Mbalizi, na simu za mwisho wa wiki. Eveline alidhani atafurahi. Lawama aliyoibeba peke yake tangu Bupe akiwa na miaka miwili ilikuwa imepasuliwa katikati kama kitambaa, na yeye akajikuta hana hata hamu ya kumrushia mumewe kipande chake.

"Dawa ipo?"

"Ipo, nchi za watu. Ni huyohuyo mfagiaji, wanamtengeneza, anaingizwa kwa dripu kila wiki, maisha yote. Hapa kwetu sijawahi kumwona mgonjwa anayeipata. Bei yake usiniulize. Na hata huko, mama, inasaidia pumzi, inasaidia nguvu ya kutembea. Kwenye mifupa haifiki vizuri."

Eveline alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, hata Faustina aliyekuwa anapita korido alisimama.

"Ugonjwa wa mifupa, dawa haifiki kwenye mifupa! Sasa hiyo ni dawa au ni dhihaka?"

"Mifupa tunaifuata wenyewe, kwa kisu na chuma," daktari alisema kwa utaratibu. "Tunaanza na shingo. Kuna wenzangu Dar es Salaam, watamlaza bila kumpindua kichwa, waiunge shingo na fuvu isiteleze tena. Nawapigia simu leo hii. Wiki tatu, labda nne. Miguu baadaye, shingo ikishika. Mpaka hapo avae kola ya kushikilia shingo, na asianguke. Asiruke kamba, asisukumwe, asiinamishwe."

"Na mzigo," mzee Zabron aliongeza, akiokota kikombe chake. "Mama, mtoto anabeba maji?"

"Anabeba!" Gwakisa ndiye aliyejibu, haraka, kwa majivuno, kama mtu aliyepata hatimaye jambo jema la kusema. "Kichwani, bila kushika. Mwone hivyo hivyo alivyo, hamwagi hata tone."

Zabron alikirudisha kikombe sakafuni. Eveline alielewa.

Kwao Kalenga mtoto wa kike alipimwa kwa hilo. Mama yake alimfunza, na mama yake alifunzwa na wa kwake, kwamba shingo hukomaa kwa mzigo: anza na kidogo, ongeza, itakuwa ngumu na mtu ataijua shingo yako kwa mbali. Bupe alipokuwa na miaka saba, wasichana wa bombani walimwita kibuyu. Siku ileile Eveline alinunua ndoo ndogo, akashona ngata ya vipande vya kanga, akamfundisha: macho mbele, mgongo wima, usishike. Asubuhi ile Bupe alipoingia uani na ndoo imejaa, miguu inagongana na kichwa kimetulia, Eveline alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna posa. Tangu hapo hakuna aliyemwita kibuyu. Alishuka bombani kila asubuhi na wenzake, akapanga foleni na wenzake, akasengenya na wenzake.

"Ndoo ya lita ngapi?" Zabron aliuliza.

"Ilikuwa tano. Nikamwongezea. Kumi."

"Lini?"

Eveline alifungua mdomo. Mvua za mwaka jana. Shingo ilionekana kuzama mabegani, ukosi wa sare ukawa unamgusa masikio, naye akafikiri haijakomaa bado, inahitaji mzigo zaidi.

"Ni mimi," alisema.

"Si wewe. Shingo hii ilizaliwa hivi. Ingeteleza hata bila ndoo."

"Usinibembeleze, mzee! Nimewatukana watu wote wa mkoa huu. Nimemtukana huyu daktari. Usinibembeleze mimi."

Alitoka nje, akasimama kwenye jua, akajipiga makofi matatu pajani kwa nguvu. Hakulia. Hasira iliyokuwa imezoea kwenda nje ilirudi nyumbani na kumkuta peke yake.

Kola za hospitali zilikuwa ndefu, shingo ya Bupe fupi. Eveline aliomba moja, akaikata, akaipunguza, akaishona upya kwa mkono pale pale kitandani, na Faustina, bila kuambiwa, akamshikia uzi. Jioni gari la hospitali lililokuwa linafuata vifaa Iringa mjini liliwapa lifti. Bupe alikaa katikati ya wazazi wake, kidevu juu ya kola, akitazama mbele tu. Alikuwa hajasema neno tangu alipoambiwa kwamba anarudi nyumbani.

Alisema walipofika.

"Niliwaambia wote nitarudi nimenyooka."

"Najua, mwanangu."

"Watanicheka."

"Atakayekucheka, niambie."

"Utafanya nini? Utamchania gauni?"

Gwakisa alitaka kumkemea, Eveline akamzuia kwa macho. Alipiga magoti mbele ya mwanawe ili asilazimike kuinama wala kutazama juu, akamweleza habari ya shingo, polepole, bila kuficha. Bupe alisikiliza. Habari ya Dar es Salaam aliipokea. Ya chuma aliipokea. Alipofika kwenye ndoo, mtoto alirudi nyuma hatua mbili.

"Hapana."

"Bupe, ni wiki chache—"

"Ndoo ni yangu! Miguu hamkunipa. Na ndoo mnachukua?"

"Mimi ndiye niliyekupa, na nilikosea. Unanisikia? Nilikosea mimi."

"Hukukosea! Kila mtu ananiona nikibeba. Nikiwa sibebi wataona nini?" Alikuwa anapiga kelele sasa, mishipa imesimama kwenye paji la uso, na kichwa hakikutikisika, kwa sababu ya kola. "Wewe ulisema mwenye kubeba hachekwi. Ulisema wewe!"

Alikwenda kulala bila kula. Eveline aliichukua ndoo, akaisukuma mvunguni mwa kitanda chake mwenyewe, nyuma ya majora ya vitambaa, akalala juu yake kama mlinzi.

Lakini mlinzi huyu alikuwa amekesha siku mbili wodini. Alipofumbua macho kulikuwa kumekucha, Gwakisa ameshakwenda gereji. Majora yalikuwa yametolewa mvunguni na kupangwa vizuri ukutani, yote, kwa adabu. Kwenye kitanda cha Bupe kulikuwa na kola, vibandiko vyake vimefungwa.

Eveline alitoka na kanga ya kulalia. Alipita njia ya mkato nyuma ya vyoo vya majirani, akashuka akishikilia majani, akafika bombani. Wasichana walikuwa kwenye foleni. Bupe hakuwepo.

"Ameshaondoka, mama," mmoja wao alisema, binti wa jirani aitwaye Esta. "Amepita njia kubwa."

"Nani amemtwika?"

Esta alirudi nyuma. "Mimi. Ameniomba. Amesema madaktari wamemruhusu."

Eveline aligeuka. Njia kubwa ilipanda kutoka bombani kwenda kwenye nyumba, yenye mawe na mtaro ulioipasua katikati, na hatua thelathini mbele yake alimwona mwanawe kwa mgongo. Ndoo ilikuwa imejaa mpaka ukingoni. Bupe alitembea kwa mwendo wake ule, magoti yanagongana, nyonga zinacheza, na kichwani maji hayakusogea. Mikono ilining'inia ubavuni. Hakushika. Macho mbele, mgongo wima kadiri mgongo ule ulivyoweza kuwa wima, alikuwa anakwenda vizuri kuliko msichana yeyote pale bombani.

Jina la mwanawe lilimpanda Eveline kooni, akafungua mdomo kuliita kwa nguvu zake zote. Ndipo alipoona kitakachotokea. Akiitwa, atageuka.

Alijiziba mdomo kwa kiganja. Alikaza mwendo, jiwe likasogea chini ya mguu wake na kulia, na kule mbele kichwa cha Bupe kikasita kidogo, kikitaka kujua ni nani. Eveline alisimama, hakupumua. Maji yalitikisika ukingoni, yakatulia. Bupe akaendelea, akielekea kwenye mtaro ambao kila asubuhi huuruka.

Hatua ishirini. Eveline alivua kandambili, akaziacha njiani, akapanda nyuma yake kwa miguu mitupu, mikono ameinyoosha mbele, Bupe asije akamsikia akageuka.